Seva ikizima, simu yako ijue kwanza: ufuatiliaji wa vifaa vya nyumbani kwa Uptime Kuma

Seva ya nyumbani hufa kimyakimya. Wengi hugundua siku wanayoitafuta faili, kumbe bekapu ilikoma kitambo. Uptime Kuma, programu inayokagua vifaa vyako na kukuarifu kimoja kikizima, ni huria, ya bure, na ni nyepesi, ndiyo maana naipendekeza kuliko mifumo mikubwa.

1. Mashine ya ulinzi

Usiiweke Kuma kwenye seva ileile unayoilinda. Zikianguka pamoja, hutapata habari. Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bei nafuu) au laptopu ya zamani inatosha. Docker (programu ya kuendeshea programu nyingine ndani ya kontena) ikishakuwepo, andika:

`docker run -d --restart=always -p 3001:3001 -v uptime-kuma:/app/data --name uptime-kuma louislam/uptime-kuma:1`

Fungua anwani ya mashine hiyo kwenye kivinjari, ukimalizia na `:3001`, kisha ujisajili. Tafadhali usiifungulie intaneti nzima mlango (port) huo.

2. Anwani zisizobadilika

Ingia kwenye ruta, sehemu ya DHCP (inayogawa anwani za IP kwa vifaa), uipe kila kamera na seva anwani yake ya kudumu.

3. Arifa kabla ya kitu kingine

Kwenye Telegram mwandikie @BotFather, tuma `/newbot`, nakili tokeni (msimbo wa siri wa bot wako), uibandike kwenye mipangilio ya arifa ya Kuma. Kisha mtumie bot wako ujumbe wowote, urudi Kuma ubonyeze Auto Get ili ijaze Chat ID. Hapa ndipo wengi hukwama: bot wa Telegram haruhusiwi kuanza mazungumzo, ni lazima umwanze wewe. Bonyeza Test. Simu isipolia, usisonge mbele.

4. Nini kipimwe, na vipi

Kwa ruta na kamera, Ping (kukiuliza kifaa kama kipo mtandaoni) inatosha. Kwa seva haitoshi. Ping hujibiwa na mfumo endeshi wenyewe, kwa hiyo programu yako ya picha inaweza kuwa imekufa huku ping ikirudi vizuri kabisa. Chagua aina ya Keyword, weka anwani ya ukurasa wa huduma, na neno ambalo huonekana tu huduma ikiwa hai.

Acha kipimo kila sekunde 60, weka Retries (marudio kabla ya kutangaza hitilafu) 3. Wi-Fi ikiyumba kidogo hutaamshwa usiku bure.

5. Kazi zinazojiendesha zenyewe

Hii ndiyo sehemu ninayoithamini kuliko zote. Bekapu haina ukurasa wa kuupima, hivyo tunageuza kibao: yenyewe ndiyo iripoti. Tengeneza monita ya aina ya Push, muda sekunde 90000, yaani saa 25 kwa kazi ya kila siku. Nakili kiungo chake, ukiite mwishoni mwa amri ya cron (ratiba ya Linux ya kuendesha kazi zenyewe), kwa `curl`, amri ya kufungua kiungo:

`/home/pi/bekapu.sh && curl -fsS "KIUNGO"`

Zile `&&` ndizo zenye kazi: curl haiendi mpaka skripti imalize bila kosa. Ukiweka `;` ripoti itatumwa hata bekapu ikishindwa. Hakikisha pia skripti yenyewe ina `set -e` juu, isije ikajaa makosa katikati na bado ikaisha salama.

6. Intaneti yenyewe ikikatika

Kuma iliyo ndani ya nyumba haitaweza kukutumia chochote. Fungua akaunti Healthchecks.io, huduma ya mtandaoni inayosubiri ripoti kama hizo, uiite kila dakika 5 kwa mstari mwingine wa cron. Ikikosa kusikia kutoka nyumbani, yenyewe itakuarifu kutoka nje.

7. Jaribio

Chomoa waya wa kamera. Simamisha huduma moja. Subiri dakika chache uone kama ujumbe unafika, na wa kurejea pia. Halafu pitia orodha: kifaa ambacho kikizima hutanyanyuka kukishughulikia, kama printa, kibaki kwenye ukurasa bila arifa.