Jinsi ya kufufua Jaguar Mk 2 na kuiongezea makali bila mtu kugundua

Wadau, nimeulizwa mara nyingi mno kuhusu hii kitu kwa iyo leo naandika yote sehemu moja. Mimi ni fundi, mtoto wa Tanga, niko Coventry, mji uleule ambao hizi gari zilikuwa zinaunganishwa pale Browns Lane, na kwenye gereji tunayofanyia kazi Mk 2 haikosekani. Ninaongelea ile saluni ya milango minne iliyotoka 1959 mpaka 1967, injini ya XK ya silinda sita mstari mmoja yenye kemshafti mbili juu, zilikuwepo za lita 2.4, 3.4 na 3.8. Hiyo 3.8 ilitangazwa na nguvu farasi 220 na ilikuwa inagonga kama maili 125 kwa saa, kipindi hicho polisi wa Uingereza waliitumia barabara kuu na majambazi nao waliipenda, sasa sijui nani alikuwa anamkimbiza nani. Na kwenye mashindano haikuwa mchezo, Bernard Consten alibeba daraja la saluni kwenye Tour de France ya magari miaka minne mfululizo, 1960 hadi 1963.

Kabla hujauliza: hapana, hatutoi injini tukatia 2JZ ya Toyota. Najua nyumbani ndo wimbo wa kila mtu. Hapa kanuni yangu ni moja tu, kila unachobadilisha kiwe kinafungwa kwa boliti na kinaweza kurudishwa, usitoboe bodi, usikate. Na kuna sababu ya mfukoni pia, Uingereza gari iliyopita miaka 40 haidaiwi ukaguzi wa kila mwaka wala kodi ya barabara, ila ukiibadilisha sana ule msamaha wa ukaguzi unaweza kuupoteza.

Hatua ya 1: Kutu kwanza, injini baadaye

Hii gari haina chasisi ya kujitegemea, bodi ndo chasisi, kwa iyo ikioza bodi umeoza wewe. Usikubali kudanganywa na krome inayong'aa. Ingia chini na tochi na bisibisi ya zamani, gonga gonga sehemu hizi: masili yote mawili (yale mabati ya chini ya milango) pamoja na pale pa kuwekea jeki, vile vibano viwili vya mbele chini ya bampa ambavyo Waingereza wanaviita miguu ya kunguru, kule nyuma springi za majani zinapoingilia kwenye bodi, sehemu inaposhikia ile fimbo ya Panhard inayozuia ekseli ya nyuma isiyumbe pembeni, na chini ya tairi la spea. Bisibisi ikizama, hapo hakuna rangi wala pati itakayokusaidia, ni kukata bati bovu na kuchomelea jipya.

Ukichomelea masili funga gari vizuri kwanza, tia vyuma vya kushikilia katikati ya matundu ya milango, maana ukikata sili bila kushikilia bodi inalegea na milango haifungi tena milele. Tena fanya upande mmoja umalize ndo uende wa pili. Na kumbuka kiwandani maungio ya bodi yalijazwa metali ya risasi, kwa iyo ukipasha moto au ukipiga msasa vaa barakoa ya maana, siyo kitambaa. Mimi hatua hii huwa inanila zaidi ya nusu ya muda wote wa kazi na huwa sioni aibu kumwambia mteja.

Hatua ya 2: Isimame kabla haijakimbia

Watu wanaanza na kabureta, mimi naanza na breki. Mk 2 ilikuja na diski za Dunlop magurudumu yote manne, kwa wakati wake ilikuwa ni anasa, lakini ile sakiti ni moja tu, ukipasuka mpira mmoja wa breki umebaki na hendibreki, na hendibreki ya hii gari wadau ni ya kuombea dua tu. Kwa iyo tunafunga masta silinda ya sakiti mbili, mbele na nyuma zinajitegemea. Mbele tunaweka kalipa za pistoni nne zinazoingia kwenye rimu zilezile za inchi 15, ukiipaka rangi nyeusi hakuna atakayeiona. Mipira yote ya breki mipya, bomba za kopa, sevo (inayousaidia mguu kukandamiza breki) ifanyiwe ovaholi.

Halafu miguu. Fremu ndogo ya mbele imekaa kwenye mipira, na mipira ya miaka sitini inakuwa kama biskuti, gari inayumba unadhani ni stelingi kumbe mpira umekwisha. Badilisha yote. Shokapu za kurekebisha, fimbo ya mbele ya kuzuia kulala kwenye kona iwe nene kidogo, tairi 185 R15, basi. Usiishushe chini sana, Mk 2 iliyolala chini inaonekana kama imekanyagwa. Na kama stelingi inakuchosha mikono, zipo mota ndogo za umeme zinazojificha chini ya dashibodi, mgeni ataendesha atasema mbona hii nyepesi na hataona kitu.

Hatua ya 3: Ipoe

Rejeta ibaki ileile ya asili kwa sura, ila peleka wakaitie kiini kipya chenye matundu mengi zaidi. Feni ya umeme nyuma yake na swichi ya joto. Na hapa ndo wengi wanakosea, wanabadilisha rejeta alafu injini bado inachemka, kwa sababu bloku ya XK inajaza matope na kutu kule nyuma kwenye njia za maji. Toa vile vizibo vya pembeni ya bloku, chokonoa kwa waya, piga maji ya presha mpaka yatoke meupe. Nimewahi kutoa udongo wa kujaza kopo.

Hatua ya 4: Injini

Ukitoa hedi nenda polepole, ni ya aluminiamu na studi zake ni chuma, zinashikana kwa kutu, usiingize bisibisi kama jembe. Mafuta ya kulainisha, subira, siku mbili tatu kama ni lazima. Hedi ikishatoka peleka ikapimwe kama imepinda, valvu mpya na vile vibomba vinavyoziongoza (valvu gaidi) vipya, siti ngumu upande wa ekzosti kwa sababu petroli yenye risasi ilipigwa marufuku hapa tangu mwaka 2000. Bloku ya 3.8 ina slivu kavu (bomba la chuma ndani ya kila silinda), ile ya 3.4 haina, mweleze fundi wa kuchonga mapema asije akashangaa.

Nguvu tunaipata wapi sasa? Pistoni za kompresheni 9 kwa 1 badala ya 8 kwa 1 ambazo zipo kwenye nyingi. Njia za hewa kwenye hedi unalainisha tu na kuzilinganisha na gasketi, usizipanue kama handaki. Pistoni, koni rodi, krenki na flaiwili zikapimwe na kubalansiwa zote, hiki ndo kitu ambacho hakionekani kabisa lakini ukipandisha mpaka mizunguko 5,000 kwa dakika unaisikia, injini inakuwa laini kama cherehani mpya. Na ule muhuri wa kamba nyuma ya krenki unaovujisha oili, ukishatoa krenki mkononi tia muhuri wa kisasa wa mpira.

Tapeti: inteki inchi 0.004, ekzosti inchi 0.006, na marekebisho ni kwa vile visahani vidogo chini ya ndoo za tapeti, kwa iyo unapima zote kumi na mbili, unaandika, unatoa kemshafti, unabadilisha, unarudisha, unapima tena. Inachosha ndiyo. Tahadhari kubwa: hedi ikiwa imefungwa na cheni bado, usizungushe kemshafti hovyo, valvu za huku na za kule zinagongana na utalia.

Na hii lazima niseme maana nililipia ada. Jaguar wanahesabu silinda kuanzia NYUMA, namba moja iko upande wa dereva siyo upande wa rejeta. Mpangilio wa kuwaka ni 1-5-3-6-2-4. Mimi gari yangu ya kwanza nikahesabu kutoka mbele kama nilivyozoea, nikapanga waya za plagi vizuri kabisa, nikapiga stata, ikapiga bomu kwenye kabureta mpaka jirani akatoka nje. Ukihesabu kinyumenyume waya zinakuwa zimegeuka nusu mzunguko kamili wa distribyuta, kwa iyo cheche inakuja wakati valvu ya inteki inafunguka, moto unarudi ulikotoka.

Kwenye 3.4 na 3.8, kabureta zile mbili za SU HD6 za inchi 1¾ ziache. Wengi wanakimbilia za inchi 2, zinapendeza kwa stori lakini kwa mtaani unapoteza ule mvuto wa chini. Zifanyie bushi na spindo mpya, maana zikilegea zinavuta hewa ya pembeni na hutaipata silensa (injini kutulia bila kukanyaga mafuta) hata ukeshe. Kile kifaa cha kuwashia ikiwa baridi kinachojiendesha chenyewe kwa swichi ya joto, kinapenda kung'ang'ania kikamwaga petroli, sisi tunatia swichi ndogo iliyojificha chini ya dashibodi dereva anazima mwenyewe. Mipira ya petroli yote badilisha iwe inayovumilia ethanoli, huku tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida ni E10 na mipira ya zamani inayeyuka ndani kwa ndani.

Hatua ya 5: Umeme

Mk 2 nyingi zilitoka na chanya ndo ethi, yaani ncha chanya ya betri ndo imefungwa kwenye bodi, kinyume na gari za leo. Ukitaka alteneta na ignisheni ya elektroniki geuza kwanza: badilisha ncha za betri, geuza waya za emita (mita ya ampea) na za koili, saa ya umeme ichomoe kwanza maana zingine zinakufa, redio ya zamani itoe. Kipima mizunguko hakina shida, kinapata umeme wake kwenye jenereta ndogo nyuma ya kemshafti. Alteneta zipo zilizovalishwa umbo la dainamo la zamani, na ignisheni ya elektroniki inaingia ndani ya distribyuta ya Lucas, ukifunika kifuniko mambo yamekwisha.

Hatua ya 6: Gia

Gia boksi za kabla ya 1965 gia ya kwanza haina sinkro (kile kinacholainisha gia kuingia), inalia kama trekta. Wenye hela wanatia Getrag ya gia tano, sina ugomvi nao ilimradi wasikate lile handaki la gia boksi katikati ya sakafu. Mimi napenda ile ya Jaguar ya baadaye yenye sinkro kote pamoja na ovadraivu ya Laycock, inashusha mizunguko kwa kama asilimia 22 ukiwa barabara kuu. Ila angalia uwiano wa difu: 3.4 na 3.8 zenye ovadraivu zilikuja na 3.77, zisizo nayo 3.54. Ukitia ovadraivu juu ya 3.54, ukiiingiza gari inakuwa nzito kuvuta, mteja atakwambia ulimpunguzia nguvu.

Hatua ya 7: Kuiwasha

Toa plagi zote, zungusha kwa stata mpaka geji ya oili ipande, ndo urudishe plagi. Ikiwaka usiiache silensa, ishike kama 2,000 dakika ishirini huku unachungulia chini kuna tone gani. Ikiwa ya moto, kwenye mizunguko 3,000 presha ya oili isipungue sana kwenye paundi 40 kwa inchi ya mraba. Maili 500 za kwanza usiikandamize, mwaga oili, kagua nati za hedi ikiwa baridi, pima tapeti upya, ndo uipeleke kwenye roleta (mashine ya kupimia gari tairi zikizunguka papo hapo) wakachague sindano za kabureta na taimingi. Jumamosi iliyopita nilimrudishia mzee mmoja ya kwake ya kijivu, akazunguka mara mbili, akafungua boneti, akatazama wee, akaniuliza: "Sasa umefanya nini humu?"