Kompyuta inajizima yenyewe? Anzia hapa kabla hujaibeba kwa fundi

Jamani wa Mbeya, baridi ya Uyole isikudanganye, mashine inaweza kuchemka hata mwezi wa saba, tena kiangazi ndo vumbi linajaa kwenye feni. Kwanza angalia inazimika baada ya muda gani tangu uiwashe. Kama ni baada ya kukaa kidogo, hasa ukiwa na gemu au video nzito, hapo ni joto, prosesa (ile chipu ambayo ndo ubongo wa kompyuta) nyingi zikigonga karibu na digrii 100 zinajizima zisiungue. Chomoa waya wa umeme, fungua ubavu, puliza vumbi kwa blowa ila shikilia feni kwa kidole isizunguke, alafu rudisha waya, washa uone kama feni ya prosesa inazunguka kweli. Ikiwa bado inachemka, badilisha ile pesti ya kupitisha joto iliyo chini ya hitsinki (chuma cha kupoza prosesa), pesti ikikauka haifai tena.

Kama inakata ghafla tu hata haijapata moto, shuku umeme. Usiku watu wote wanapika na taa zinafifia, si ndio? Volti zikishuka sana chini ya 230 pawa saplai (kile kiboksi kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) inachoka, so itoe kompyuta kwenye ekstensheni iliyolegea, chomeka ukutani au weka stabilaiza. Pawa saplai yenyewe USIIFUNGUE, kapasita zake zinabaki na umeme hata ukichomoa, mpe fundi ajaribishie nyingine.

Ukiiacha kwenye BIOS tu (ile skrini ya setingi unayoingia kabla Windows haijawaka) na bado inazima, usihangaike kupiga Windows upya, tatizo ni kifaa. Ramu (vile vibao vya memori) nazo chomoa, safisha, rudisha mojamoja.