Kabla Hujalaumu Modemu, Sikiliza Waya

Nimepanda nguzo za simu miaka 28, mingi kati ya hiyo hapa Tanga, na sasa nimestaafu. Lakini mtu akishajulikana ni fundi, hastaafu. Bado kuna nyumba na ofisi chache ambazo intaneti yao inakuja kwa waya wa simu ya mezani, na kila masika yakianza napigiwa hodi: "Mzee, intaneti imekata tena." Swali langu huwa lile lile: simu yenyewe inasemaje?

Wengi wanashangaa. Wameleta shida ya kompyuta, mimi nauliza habari za simu. Ila waya ni mmoja na una kazi mbili. Sauti ya mtu kwenye simu haizidi kilohezi 4, yaani mitetemo 4,000 kwa sekunde. ADSL, yaani hiyo intaneti ya waya wa simu, inaanzia juu ya hapo, kwenye kilohezi 25 hivi, inapanda mpaka kama 1,100. Toleo lake la baadaye, ADSL2+, linafika 2,200. Modemu huikata nafasi hiyo vipande vidogo vidogo, 256 kwa ADSL, 512 kwa ADSL2+, kisha inakipima kimoja kimoja: hiki kisafi, kibebe mzigo mkubwa, hiki kina kelele, kiachwe. Taa ya modemu iliyoandikwa DSL inapomemeta baada ya kuwasha, ndiyo hiyo kazi inafanyika, modemu yako na mtambo wa eksichenji, kile kituo cha simu laini zinakotokea, wanapatana. Ikitulia, wamekubaliana. Isipotulia kabisa, tatizo liko kwenye waya mara nyingi zaidi kuliko kwenye modemu.

Kwa hiyo tafuta simu ya mezani ya kawaida, ile ya waya, uichomeke kwenye soketi ya ukutani peke yake. Chomoa modemu na kila kitu kingine. Nyanyua mkono wa simu, bonyeza tarakimu moja ili ule mlio ukatike, ziba sehemu ya kusemea kwa kiganja, halafu tega sikio. Laini isiyo na hitilafu inakuwa kimya. Ukisikia kama samaki wanakaangwa, kuna unyevu mahali. Ukisikia mkwaruzo unaokuja na kupotea, hasa upepo ukivuma, kuna kiungo kimelegea. Mvumo mzito usiokatika mara nyingi ni waya mmoja unaogusa ardhi au ukuta wenye maji.

Na kuna hili ambalo limewachanganya hata mafundi wenzangu: laini ni nyaya mbili, na mmoja ukikatika simu inakufa kabisa, lakini intaneti inaweza kuendelea kuchechemea. Mawimbi ya juu yanavuka pale palipokatika kwa shida, mwenye nyumba anasema "simu mbovu lakini intaneti ipo, ila taratibu." Hapo usiguse modemu. Ni waya.

Raskazone, hapa hapa Tanga, kuna bwana mmoja alinunua modemu ya tatu ndani ya mwaka. Nikafungua kisanduku kilichopo chini ya paa, pale laini inapoingia nyumbani, nikakuta sisimizi wamehamia humo na ukoo wao wote. Shaba ilikuwa ya kijani. Hewa ya bahari na mkojo wa wadudu, shaba haiwezi kushindana navyo. Nilikata sentimita 2 kila upande mpaka nikafika shaba inayong'aa, nikaunga upya kwa viungo vyenye mafuta ya kuzuia maji, nikaziba tundu. Jioni ile alinipigia kwa simu hiyo hiyo kuniambia mjukuu wake anaangalia mpira bila kusubiri. Modemu zake mbili za mwanzo zilikuwa nzima.

Ukitaka kufungua kisanduku chako, fahamu kwamba laini ikiwa imetulia ina volti kama 48, na simu ikiita zinapanda karibu na 90. Haiui mtu mzima mwenye mikono mikavu, ila ukiwa juu ya ngazi na jasho halafu shangazi akapiga, utaruka. Shika kwa mikono mikavu, na usipande ngazi peke yako.

Laini ikiwa kimya, endelea ndani. Chomeka modemu kwenye soketi ile ya kwanza kabisa, waya unapoingilia, kwa waya mfupi. Ikishika vizuri hapo na ikashindwa chumbani kwako, umeshamjua mwizi: ni waya wa ndani. Ule waya bapa wa mita 15 unaouzwa madukani ni antena. Nyaya zake hazikusokotwa, kwa hiyo zinaokota kila kelele, pamoja na redio za masafa ya kati, ambazo zinakaa palepale ADSL inapopita. Usiku mawimbi ya redio hizo yanasafiri mbali zaidi, ndiyo maana wengine intaneti yao inaharibika jua likizama hata kama hakuna anayeitumia. Iache modemu karibu na soketi, uvute waya wa LAN, ule wa kuunganisha modemu na kompyuta, kwenda chumbani. Huo unaweza kwenda mita 100 bila kulalamika.

Kila simu, faksi au kengele ya ulinzi inayotumia laini hiyo iwekewe kichujio chake, kile kidude kinachotenganisha sauti ya simu na mawimbi ya intaneti. Dalili ya kichujio kilichosahaulika haina siri: mtu akinyanyua simu, intaneti inaanguka. Modemu yenyewe haipiti kwenye kichujio cha simu. Nimekuta imechomekwa hivyo zaidi ya mara moja, na mwenye nyumba ananiapia haijawahi kufanya kazi vizuri.

Sasa tarakimu. Fungua ukurasa wa modemu, kwa kawaida 192.168.1.1, tafuta palipoandikwa "SNR Margin" na "Attenuation". Ya kwanza inakuambia mawimbi yameizidi kelele kwa kiasi gani baada ya modemu kuchukua mahitaji yake. Inapimwa kwa desibeli, kipimo cha nguvu ya mawimbi: chini ya desibeli 6 unaishi kwa kudra, itakatika katika. Ukiona 10 na kuendelea, pumzika. Ya pili ni nguvu iliyopotea njiani, na kubwa yake ni umbali: kwa ADSL, kila kilomita ya waya inakula desibeli 13 au 14 hivi. Ukisoma 55, uko kama kilomita 4 kutoka eksichenji, na hapo hakuna modemu ya bei yoyote itakayokupa megabiti 20. Andika namba hizo siku laini ikiwa nzima, ubandike nyuma ya modemu. Siku ya ugonjwa utakuwa na cha kulinganisha.

Na usichanganye biti na baiti: baiti moja ni biti 8. Ukiuziwa megabiti 4, gawa kwa 8, halafu toa kama sehemu ya kumi: mzigo unasafiri katika vifurushi vya baiti 53, na 5 kati yake ni anwani tu. Kinachobaki ni kilobaiti 450 hivi kwa sekunde. Hujaibiwa.

Taa ya DSL imetulia lakini ya intaneti haiwaki? Waya mzima. Angalia bili, kisha jina la mtumiaji na nywila zilizomo ndani ya modemu. Na hapa niwasihi: kile kitundu cha nyuma kinachobonyezwa kwa pini si cha kuwasha upya. Kinafuta kila kitu, pamoja na hiyo nywila, na karatasi yake ilishapotea tangu mwaka ulipohamia.

Wai-Fai sitaisema sana. Pima kwanza kwa waya. Kwa waya ikiwa sawa, shida yako ni kuta.

Ukiwapigia kampuni, usiseme "intaneti haipo." Sema: nimepima kwenye soketi ya kwanza, nyaya zote za ndani zimechomolewa, simu ina mkwaruzo, SNR ni 3 na zamani ilikuwa 11. Fundi anayeletewa maneno hayo anakuja na ngazi.

Mjukuu wangu ananiambia ninunue ruta ya kadi ya simu, yaishe. Huenda ana haki. Ila mawingu yakianza kuwa meusi upande wa Usambara, nachomoa waya wa umeme wa modemu na waya wa simu, vyote viwili. Wengi huchomoa umeme peke yake, na radi inaingia kwa ule wa pili.