Namna ya Kuripoti Kasoro za Mtaa Hadi Zirekebishwe

Wakazi wengi wa viungani mwa mji huamini kwamba halmashauri haisikii. Wakati mwingine ni kweli. Lakini mara nyingi halmashauri imesikia jambo ambalo haiwezi kulifanyia kazi, kwa mfano kwamba barabara ni mbovu, mtaa ni mchafu au taa haziwaki. Fundi anayekabidhiwa maneno kama hayo asubuhi hajui aende mtaa upi, achukue vifaa gani, wala kama kazi yenyewe ni ya idara yake. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuandika taarifa inayomfikisha fundi huyo penye kasoro bila kulazimika kukupigia simu, na unagusa pia zile kazi ndogo ambazo mkazi akizifanya mwenyewe, nusu ya kasoro hazitokei kabisa.

Kabla ya kulalamika, mjue mwenye kitu

Barabara moja inaweza kuwa na wenyewe watatu au wanne. Lami huenda ikawa chini ya wakala wa barabara, ilhali mtaro ulio kando yake ni wa halmashauri. Nguzo ni ya shirika la umeme, lakini taa iliyofungwa juu yake inalipiwa na ofisi nyingine. Na mfuniko wa chemba ulio katikati ya njia ni wa mamlaka ya maji au wa kampuni ya simu. Barua ikipelekwa kwa asiyehusika, kinachotokea ni kimya, kwa kuwa si kila karani atajitaabisha kuihamishia kwingine.

Dalili za umiliki huwa wazi kwa anayezitafuta. Mifuniko mingi ya chemba ina herufi au alama ya mwenye mtandao iliyochongwa kwenye chuma, na nguzo nyingi zina kibao kidogo chenye namba. Namba hiyo ina thamani kuliko maelezo ya aya nzima, kwa sababu ofisi inayohusika ina orodha ya nguzo zake na hujua kila moja imesimama wapi.

Mitaa mipya ina utata wake. Mwendelezaji anapopima viwanja na kuviuza, barabara za ndani, mitaro na taa hubaki mikononi mwake mpaka halmashauri izikague na kuzipokea rasmi, na makabidhiano hayo yanaweza kuchelewa kwa miaka, hasa ikiwa ujenzi haukufikia kiwango kinachotakiwa. Katika kipindi hicho halmashauri ina haki ya kusema kwamba barabara hiyo si yake, na wakazi huandika barua kumi bila kujua kwamba walipaswa kumwandikia aliyewauzia viwanja. Swali la kwanza la kuuliza idara ya ujenzi, kwa maandishi, ni kama barabara yenu imekwisha kupokewa. Jibu lolote litakalotoka litawafaa.

Kuna pia ukanda ulio kati ya ukingo wa lami na mpaka wa kiwanja, yaani hifadhi ya barabara. Katika halmashauri nyingi ukanda huo ni mali ya umma, lakini sheria ndogo humtaka mwenye nyumba iliyo mbele yake aufyeke na kuuweka safi, huku zikimkataza kujenga, kuweka uzio au kupanda mti bila kibali. Mkazi asiyelijua hilo hujikuta ama anamlaumu mwingine kwa nyasi ambazo ni jukumu lake, ama anabomolewa kibaraza alichokijenga kwa gharama kubwa.

Taarifa iandikwe kwa ajili ya anayekuja na koleo

Taarifa nzuri ni fupi, nayo hujibu maswali manne: kasoro ni nini, iko wapi hasa, ina ukubwa gani, na inamhatarisha nani. Mfano wake ni huu: “Kuna shimo kwenye lami lenye upana wa takribani sentimita 60 na kina cha sentimita 12. Liko upande wa kushoto unapoelekea shuleni, hatua 20 baada ya nguzo namba 47, mkabala na lango la kiwanja namba 112. Waendesha baiskeli hulikwepa kwa kuingia upande wa magari yanayotoka mbele. Nimeliona tangu tarehe 3 ya mwezi huu. Nimeambatisha picha mbili.” Picha ya kwanza ipigwe kwa karibu, ikiwa na kitu cha kulinganishia ukubwa kama vile kiatu au rula, na ya pili ipigwe kwa mbali ili ioneshe nyumba au nguzo zilizo jirani. Picha ya karibu peke yake haimsaidii mtu, kwa maana mashimo yote hufanana.

Kila kasoro ipewe taarifa yake. Nililijifunza hili kwa hasara: niliwahi kupeleka katika ofisi fulani barua ya kurasa mbili yenye malalamiko kumi na moja, kuanzia taa hadi mbwa wanaozurura, nikidhani wingi wake ungewashtua. Barua ilipangiwa ofisa mmoja, naye akashughulikia lile la kwanza lililohusu idara yake, akaandika kwamba shauri limekamilika, akafunga jalada. Kumi yaliyobaki niliyaandika upya, kila moja kwa karatasi yake.

Lakini kasoro mbili zinapozaliana, taarifa zake ziunganishwe. Shimo la barabara, kwa kawaida, ni kazi ya maji: huingia kupitia ufa mdogo wa lami, hulainisha tabaka la kokoto lililo chini, kisha magurudumu hukandamiza lami isiyo na kitu cha kuishikilia mpaka inavunjika. Kwa hiyo shimo lililo kando ya mtaro ulioziba litazibwa leo na kufumuka tena baada ya mvua chache. Katika hali hiyo andika taarifa mbili, moja ya shimo na nyingine ya mtaro, na katika kila moja taja namba ya kumbukumbu ya mwenzake.

Namba ya kumbukumbu ndiyo risiti yako. Usiondoke dirishani wala usikate simu kabla ya kuipata. Iandike kwenye daftari pamoja na tarehe, jina la idara na muda ulioahidiwa. Miji mingine imerahisisha jambo hili: Baltimore nchini Marekani ilianza mwaka 1996 kutumia namba fupi ya simu, 311, kwa mambo ya mji yasiyo ya dharura, na miji mingi ya nchi hiyo ikafuata; nchini Uingereza, tovuti ya FixMyStreet iliyoanza mwaka 2007 huiweka taarifa ya mkazi kwenye ramani ambayo kila mtu anaweza kuiona, kisha huituma kwa halmashauri inayohusika. Hata pasipo na mtandao wa aina hiyo, daftari moja linalotunzwa na jirani mmoja makini hufanya kazi inayokaribiana nayo.

Maandishi yana uzito ambao maneno ya mdomo hayana, na uzito huo ni wa kisheria pia. Mji wa New York una sheria ambayo, kwa kawaida, hairuhusu aliyeumizwa na shimo la barabara au la njia ya miguu kudai fidia isipokuwa mji ulikuwa umearifiwa kwa maandishi kabla ya ajali. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mawakili wanaowatetea wadai wa fidia mjini humo walianzisha kampuni ya kuzunguka mitaani na kuchora ramani za kasoro, kisha wakazikabidhi kwa mji ili usiweze kusema kwamba haukujua. Sheria za kwingine hutofautiana, lakini swali ambalo ofisi yoyote huulizwa baada ya ajali ni lile lile: mliarifiwa lini?

Yapo mambo yasiyongoja barua. Chemba isiyo na mfuniko, mti ulioanguka barabarani na waya wa umeme uliokatika ni ya kupigiwa simu ya dharura papo hapo. Waya uliolala chini uhesabiwe kuwa una umeme hata ukionekana umekufa. Watu wakae umbali usiopungua mita 10, na mtu asijaribu kuusogeza hata kwa fimbo kavu.

Yaliyo mikononi mwa mkazi

Katika haya yote, mtaro ndio unaostahili subira kubwa zaidi, nao ndio unaodharauliwa kuliko vyote. Ukifuatilia mafuriko ya mtaa mmoja mara nyingi utaishia kwenye kalvati ndogo zilizo chini ya njia za kuingilia magari, ambazo kila mwenye nyumba alijijengea kwa bomba alilolipata. Mtaro wote hupitisha maji kwa kiasi cha bomba lililo jembamba kuliko yote, hata kama majirani wengine kumi waliweka mabomba mapana. Kabla ya msimu wa mvua, tembeeni pamoja urefu wote wa mtaro, mpime kipenyo cha kila kalvati, mkubaliane na mwenye ile nyembamba. Mazungumzo hayo si mepesi, hasa kwa kuwa mwenye bomba jembamba aghalabu ndiye asiyefurika. Anayefurika ni aliye juu yake. Ni vyema yaanzishwe wakati wa kiangazi, na mtu anayeheshimiwa na pande zote mbili.

Mchanga na majani yanayozolewa mtaroni yasirundikwe ukingoni, maana mvua ya kwanza huyarudisha yalikotoka. Yaondolewe siku hiyo hiyo, au yamwagwe mahali palipo chini ya usawa wa mtaro. Ikumbukwe pia kwamba, pale ambapo mtandao wa maji ya mvua umetenganishwa na ule wa majitaka, maji ya mvua huenda mtoni au baharini bila kusafishwa, kwa hiyo oili ya gari inayomwagwa mtaroni inaishia humo. Kosa la upande wa pili ni kuunganisha mifereji ya paa na bomba la majitaka. Bomba hilo halikupimwa kubeba mvua, na uchafu hufumuka kupitia chemba ya jirani aliye bondeni.

Maji yaliyotuama yana hesabu yake. Katika hali ya joto, mbu huhitaji siku kama saba hadi kumi kutoka yai hadi kuruka. Ndiyo sababu ndoo, matairi na sahani za vyungu vya maua vinapaswa kumwagwa na kusuguliwa walau mara moja kwa wiki. Nyasi zisikatwe zaidi ya theluthi moja ya urefu wake kwa mara moja. Miti isikatwe vilele, kwani matawi yanayochipua baadaye hushikilia kwa udhaifu na huanguka kwa upepo. Tawi lililokaribia waya ni la shirika la umeme, si la mwenye panga.

Siku ya usafi wa pamoja huharibika kwa sababu moja tu: taka hukusanywa vizuri, zikarundikwa njia panda, na gari halitokei. Wiki mbili kabla, pateni kwa maandishi uthibitisho wa siku na saa ya gari, jina la dereva au msimamizi, na aina ya taka litakazobeba, kwa kuwa gari la taka za nyumbani halichukui kifusi wala matairi. Uthibitisho usipopatikana, ahirisheni. Rundo lililokaa siku tatu huwaalika wengine watupe hapo hapo, na mtaa unajipatia dampo jipya.

Makubwa hudaiwa kwenye bajeti

Kuweka lami upya, kujenga mtaro au kusimika taa mpya hakutoki kwenye dawati la malalamiko, hata barua zikiwa mia. Hutoka kwenye bajeti, na bajeti huandaliwa miezi kadhaa kabla ya mwaka wa fedha kuanza. Ulizeni ratiba ya maandalizi, hasa tarehe ya mwisho ya kata kuwasilisha mapendekezo, kwa sababu ombi zuri linalofika wiki moja baadaye husubiri mwaka mzima. Miji kadhaa huwaachia wakazi waamue wenyewe sehemu ya fedha hizo, utaratibu ulioanzia Porto Alegre nchini Brazil mwaka 1989.

Hapo ndipo daftari la kumbukumbu linapolipa. Diwani hazibi mashimo, na kumlaumu kwa hilo ni kumpotezea muda. Kazi yake ni kusimama kwenye kamati, na anayesimama huko anahitaji idadi. Mpeni ukurasa mmoja unaosema taarifa ngapi zimepelekwa kuhusu barabara hiyo, zina namba gani, ngapi zimejibiwa, shimo lile lile limezibwa mara ngapi, na nyumba ngapi zinaitegemea. Shimo lililozibwa mara nne kwa mwaka ni hoja ya kifedha ambayo mweka hazina huielewa bila kubembelezwa.

Kama ofisi itakaa kimya baada ya muda uliotajwa, andika kwa mkuu wa idara ukiambatisha taarifa ya awali, kisha kwa mkurugenzi, kisha kwa chombo kinachopokea malalamiko dhidi ya utumishi wa umma ikiwa kipo. Usiruke ngazi, maana wa juu atakuuliza kama wa chini alipewa nafasi. Na usitukane. Barua ya matusi hujibiwa kuhusu matusi.

Kazi ikishafanyika, nenda ukaitazame baada ya mvua ya kwanza kubwa. Mikataba mingi ya ujenzi huweka kipindi cha uangalizi, mara nyingi miezi 12, ambacho ndani yake mkandarasi hurekebisha kasoro kwa gharama yake mwenyewe. Kiraka kikititia au kalvati ikipasuka ndani ya kipindi hicho, peleka taarifa mara moja, ukitaja namba ya zamani na tarehe kazi ilipokamilika, kwa kuwa baada ya hapo gharama itarudi kwenye bajeti ya halmashauri.