GR86 mpya au Z4 iliyotumika? Anzia kwenye pampu ya maji

Bei ya kununua isikuchanganye. Toyota GR86 mpya ina injini ya lita 2.4 isiyo na tabo, haina makuu. BMW Z4 yenye injini ya N52 (ya silinda sita) ni tamu zaidi barabarani, lakini pampu yake ya maji ni ya umeme: inaweza kufa ghafla bila kuvuja hata tone, na kwenye foleni ya barabara ya Mandela, Dar es Salaam, hapo ndipo injini huchemka na kichwa chake hupinda. Kabla ya kulipa, fundi aipime kwa kompyuta. Pampu na thamostati (kidhibiti cha joto la injini) zibadilishwe pamoja, na bolti mpya; zile za alumini hazirudishiwi. Kama unaagiza iliyozidi miaka 8, jumlisha na ushuru wa uchakavu wa TRA.