Kutambua Hali za Rydberg katika Spektra ya Molekuli

Mwanafunzi wa fizikia aliyeko Arusha bila leza anaweza kuanza na vipimo vilivyokwisha kuchapishwa na kikokotoo cha mkononi, ambacho hakijali umeme ukikatika. Tuchukue gesi ya nitriki oksaidi, NO: nishati ya kung'oa elektroni yake ya nje kabisa ni elektronivolti 9.26, na hali yake ya chini kabisa ya Rydberg (yaani hali ambamo elektroni moja huzunguka mbali na sehemu iliyobaki ya molekuli), iitwayo 3s, hufikiwa kwa mwanga wa urujuanimno wa takriban nanomita 226, yaani elektronivolti 5.48. Toa ya pili katika ya kwanza upate 3.78, gawanya 13.606 (nishati ya Rydberg kwa elektronivolti) kwa jibu hilo, kisha tafuta kipeuo cha pili, nacho ni 1.90. Kwa kuwa n, namba ya ngazi ya elektroni katika 3s, ni 3, kasoro ya kwanta, yaani n ukitoa kipeuo hicho, ni 1.10, thamani kubwa inayoonyesha kwamba elektroni ya s hupenya hadi karibu na viini vya atomu.

Rudia hesabu kwa mistari ya spektra yenye nishati ya juu zaidi. Kasoro isipobadilika sana, mistari hiyo ni ya mfululizo mmoja. Ikiruka ghafla, shuku kwanza mwingiliano na hali za valensi (ambamo elektroni hubaki karibu na viini), ambao katika NO ni mkubwa, kabla ya kulaumu kipimo. Usikadirishe desimali mapema, kwani n ikipanda, kosa dogo la nishati huipotosha kasoro upesi mno.