Kuzijua dawa za akili ulizoandikiwa: somo, kisha maswali

Akitoka mtu kliniki hapa Amu na mfuko wa dawa, jamaa zake huniandikia: "Dada, hii nyeupe ya nini?" Nimemuuguza kaka yangu miaka tisa, mimi si daktari. Nayaandika yote hapa mara moja ili nisirudie tena.

Hatua ya kwanza. Soma jina kwenye bahasha. Usifuate rangi, kila kiwanda kina yake.

Hatua ya pili. Jua kundi. Anayesikia sauti au kuona anaandamwa hupewa haloperidoli, Largactil, risperidoni au olanzapini. Sindano ya Modecate ni ya kundi hilo, ila hukaa mwilini wiki kadhaa, humfaa asahauye vidonge. Wa sonona hupewa fluoksetini, kwa kawaida asubuhi, au amitriptilini usiku. Hizi huchukua wiki mbili hadi sita kufanya kazi, na kichefuchefu hutangulia nafuu, kwa hiyo msikate tamaa wiki ya kwanza. Amitriptilini ifungieni kabatini, ikizidishwa inaua. Anayepanda na kushuka kihisia hupewa lithiamu, kabamazepini au valproeti. Mwanamke anayeweza kushika mimba asianze valproeti kabla ya kuzungumza na daktari, humdhuru mtoto tumboni. Diazepamu hutuliza upesi, na mwili huizoea upesi vilevile.

Hatua ya tatu, na hapa nisikilizeni. Pamoja na haloperidoli huenda ukapewa kidonge kidogo cha benzheksoli, wengi wakijua kwa jina la Artane. Hakitibu akili, kazi yake ni kuzuia misuli isikaze. Mimi nilikitoa. Nilimwonea huruma kaka yangu kwa wingi wa vidonge, nikasema nimpunguzie. Siku ya tatu baada ya magharibi shingo ikaanza kumpinda, polepole, kama mtu aliyeitwa kwa nyuma. Macho yakapanda juu hata nikaona weupe mtupu, ulimi nje, na fahamu zake zote anazo: amenishika mkono, analia. Tukasema jini kampanda. Tukafukiza ubani, akaletwa msomaji, saa nne zikapita. Hospitalini nesi aliuliza jambo moja tu, anatumia dawa gani, akamdunga sindano. Nusu saa haikuisha, shingo ikarudi. Saa nne zile bado zaniuma.

Basi: usipunguze kidonge usichojua kazi yake. Shingo, taya au macho yakikaza, usingoje kuche. Akishindwa kumeza au kupumua, tafuteni boti saa hiyohiyo. Kisomo kisomwe njiani.

Hatua ya nne. Akipata nafuu, usiache ghafla. Nafuu hiyo ni dawa inafanya kazi.

Hatua ya tano. Daftari: jina la dawa, kipimo, saa, tarehe ya kurudi.

MASWALI

Kijana wa Mkomani: Fluoksetini siku ya nne sasa na sioni kitu. Niongeze?
— Hatua ya pili. Usiongeze.

Mpita Njia: Mamangu halali, jirani ana diazepamu zimebaki. Nimpe ngapi?
— Usimpe hata moja. Mpeleke akaonwe.
Mpita Njia: Nimeuliza tu, mbona mkali?
— Kwa sababu mtu mzima akilewa dawa usiku huanguka akavunjika nyonga. Mpeleke, ndugu yangu.

Binti Pate: Shikamoo dada. Mume wangu yuko kwenye lithiamu na anataka kufunga Ramadhani. Ina neno?
— Marahaba mwanangu, umeuliza la maana. Lithiamu hutegemea maji na chumvi ya mwili. Mwili ukikauka kwa jua letu hili, dawa hujaa kwenye damu hata ikawa sumu. Nendeni kliniki tangu Shaaban, apimwe damu, daktari aamue kama atafunga na atameza saa ngapi. Akianza kutetemeka sana, kutapika, kuharisha au kuyumba kama mlevi, afungue na aende hospitali. Asiache chumvi ghafla. Na akiumwa na mgongo asinunue brufeni wala diklofenaki bila kuuliza, nazo huipandisha.
Binti Pate: Allah akulipe. Hilo la brufeni hatukuambiwa.

Nahodha: Mpwa wangu wa Largactil, siku moja baharini ngozi ya uso yote imebabuka.
— Dawa hiyo huifanya ngozi iungue na jua upesi. Mikono mirefu, kofia pana ya ukili, na kama yawezekana avue samaki usiku.
Nahodha: Na muguka?
— Aache kabisa. Muguka huziamsha zile sauti.

Mama Shela: Nyongeza. Artane zifiche, vijana huziiba wakalewa. Na ukivuka na dawa, zifunge nailoni mbili. Wimbi moja liliniroweshea za mwezi mzima.
— Ahsante Bi mkubwa. Na picha ya bahasha iwe kwenye simu, zikirowa ujue la kuomba.